Kocha, nikienda kusoma Marekani nitapoteza marathoni?

Swali: Shikamoo kocha. Nina miaka 20, nakimbia mita 5,000 na 10,000. Mwaka huu nimekimbia 10,000 kwa dakika 29:05 pale Sheikh Amri Abeid, Arusha. Kuna chuo cha Marekani kimenipa nafasi ya kusoma na kukimbia, ada na malazi juu yao. Wenzangu kambini wanasema Wamarekani marathoni hawaijui, eti nitarudi na cheti huku miguu imekwisha. Meneja mmoja naye ananisukuma nianze marathoni mwaka huu huu kwa sababu ndiko kwenye pesa. Naomba unieleze Wamarekani waliofanikiwa kwenye marathoni walipita njia gani, na kama njia hiyo inanifaa. (Msomaji, Karatu)

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na uamuzi ili usisome kwa wasiwasi. Marathoni ya mwaka huu iache. Nafasi ya chuo usiikatae, ila usiweke saini kabla hujauliza mambo nitakayokuandikia huko chini. Sababu zangu zimo katika maisha ya wakimbiaji wenyewe, na ndiyo maana jibu hili ni refu.

Wenzako wana hoja tukihesabu kwa saa peke yake. Khalid Khannouchi, mzaliwa wa Morocco aliyepata uraia wa Marekani mwaka 2000, alikimbia marathoni ya London mwaka 2002 kwa 2:05:38 na kuwaacha Mkenya Paul Tergat na Muethiopia Haile Gebrselassie. Siku ile ilikuwa rekodi ya dunia. Dunia ikaendelea kushuka mpaka Kelvin Kiptum akafika 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, lakini kwa Wamarekani muda wa Khannouchi ulikaa miaka 23. Ni Oktoba 2025 tu ndipo Conner Mantz alipokimbia Chicago kwa 2:04:43, na hata hivyo alimaliza wa nne. Ukitazama orodha za muda, basi, utasema hawa watu wako nyuma sana.

Sasa tazama medali za Olimpiki. Frank Shorter alichukua dhahabu mwaka 1972 na fedha mwaka 1976. Joan Benoit alichukua dhahabu ya kwanza kabisa ya marathoni ya wanawake mwaka 1984. Athens 2004, Meb Keflezighi fedha na Deena Kastor shaba. Rio 2016, Galen Rupp shaba. Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo mwaka 2021, Molly Seidel shaba. Sisi Watanzania, pamoja na vipaji vyote tulivyonavyo, hatujapata hata moja ya marathoni kwenye Olimpiki. Kwa hiyo anayesema hawaijui marathoni hajatazama mbio zenyewe, ametazama saa.

Tofauti hiyo ina sababu. Mbio za haraka kama Berlin au Chicago zina wawekakasi, watu wanaolipwa kuvuta kundi kwa kasi iliyopangwa mpaka mbali. Olimpiki haina wawekakasi. Kuna joto, kuna kona, kuna watu kumi wanaoviziana, na kasi inaweza kubadilika mara tano ndani ya kilomita mbili. Mmarekani analelewa ndani ya mbio za namna hiyo tangu shule. Vyuo vinakimbia nyika wakati wa vuli, uwanja wa ndani wakati wa baridi, uwanja wa nje wakati wa machipuko, na kila mara kinachotafutwa ni nafasi na pointi za timu. Halafu kuna mchujo wao wa Olimpiki: siku moja, barabara moja, watatu wa kwanza ndio timu, ilimradi masharti ya kimataifa yametimia. Jina lako kubwa halikusaidii kitu.

Muulize Leonard Korir, mzaliwa wa Kenya aliyesoma chuo cha Iona, akawa bingwa wa vyuo wa mita 10,000 mwaka 2011, na baadaye akajiunga na jeshi la Marekani. Katika mchujo wa Atlanta, Februari 2020, alimaliza wa nne kwa 2:10:06. Wa tatu alikuwa Abdi Abdirahman, mzaliwa wa Somalia aliyepitia ukimbizini Kenya, akiwa na miaka 43, kwa 2:10:03. Sekunde tatu zikamnyima Korir Olimpiki baada ya kilomita 42. Akarudi mazoezini. Miaka minne baadaye kule Orlando, akiwa na miaka 37, alimpita Elkanah Kibet karibu na mwisho na kuwa wa tatu kwa 2:09:57, akasubiri miezi kadhaa nafasi yake ithibitishwe, na akakimbia Paris. Hilo ndilo darasa wanalopitia.

Nimekutajia majina mengi kwa haraka. Wachache nataka uwaone kwa karibu.

Shorter kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyewafungulia njia wengine. Alisoma Yale, kisha akasoma sheria. Munich mwaka 1972, siku chache kabla ya marathoni, alikimbia fainali ya mita 10,000 na kuwa wa tano kwa dakika 27:51. Kwenye marathoni alichomoka karibu na kilomita ya 15 na hakuna aliyemwona tena isipokuwa kwa mbali. Alimaliza kwa 2:12:19. Alipoingia uwanjani alisikia watu wakizomea, kumbe kuna kijana mhuni aliyekuwa amejipenyeza mbele yake amevaa kama mkimbiaji.

Nataka ufanye hesabu hapa, kwa kuwa ndiyo kiini cha jibu langu. Kwenye 10,000 Shorter alikimbia kila kilomita kwa 2:47. Kwenye marathoni alikimbia kila kilomita kwa 3:08. Alikuwa na akiba ya sekunde 21 kwa kila kilomita. Kasi iliyowachosha wenzake, kwake ilikuwa kasi ya kupumua. Wewe leo kasi yako ya 10,000 ni 2:54 kwa kilomita. Anayetaka marathoni ya 2:08, muda ambao siku hizi hata hauwashtui waandaaji wa mbio kubwa, lazima akimbie kilomita zote 42 kwa 3:02. Una akiba ya sekunde nane tu. Nakubali Arusha iko juu na ungekimbia usawa wa bahari ungepunguza kidogo, lakini haitoshi. Huyo meneja anakutaka ukimbie marathoni nzima karibu na mwisho wa uwezo wako. Unaweza kuimaliza, hata ukalipwa, ila hutabaki na nafasi ya kukua.

Bill Rodgers nampita haraka: alishinda Boston mara nne na New York mara nne kati ya 1975 na 1980, na ndiye aliyewafanya raia wa kawaida wa Marekani waingie barabarani. Kwa swali lako, Joan Benoit ana mafunzo zaidi.

Benoit alitoka jimbo la Maine, kaskazini mashariki, kwenye baridi na pwani ya mawe. Alishinda Boston mwaka 1979 akiwa bado mwanafunzi, na mwaka 1983 akaishinda tena kwa 2:22:43, muda bora wa dunia wakati ule. Mwaka uliofuata goti likakataa. Alifanyiwa upasuaji siku 17 tu kabla ya mchujo wa Olimpiki, na akaushinda mchujo. Miezi mitatu baadaye, Los Angeles, dakika kama 14 tangu mbio zianze, aliona kundi linakwenda polepole kuliko anavyopenda. Akasogea mbele. Grete Waitz, Ingrid Kristiansen na Rosa Mota, wote wakubwa, wakamwacha aende wakiamini joto litamrudisha. Hakurudi. Alikimbia peke yake kwenye barabara kuu iliyofungwa magari, kofia nyeupe kichwani, na kumaliza kwa 2:24:52, karibu dakika moja na nusu mbele ya Waitz. Mwaka 1985 kule Chicago akawashinda tena Kristiansen na Mota kwa 2:21:21, na muda huo ukabaki rekodi ya Marekani mpaka Kastor alipoupunguza kwa sekunde tano London mwaka 2003. Tazama alivyosoma mbio: hakungoja mtu amvute. Aliijua kasi yake mwenyewe.

Kuna na wale waliolipa gharama ya kuwahi, na sitakuficha. Alberto Salazar, mzaliwa wa Cuba, alishinda New York ya kwanza yake mwaka 1980 akiwa na miaka 22. Aprili 1982 alipambana na Dick Beardsley kule Boston juani, bega kwa bega mpaka mitaa ya mwisho, akashinda kwa 2:08:52 dhidi ya 2:08:54. Alikuwa amekunywa maji kidogo sana njiani, na baada ya kuvuka mstari ilibidi atundikiwe dripu. Alikuwa na miaka 23. Miaka miwili baadaye, Olimpiki ikiwa nchini mwake, alimaliza wa 15, na ule ukali wa zamani kwenye marathoni haukurudi. Alikuja kushinda Comrades ya Afrika Kusini, mbio ndefu kuliko marathoni, mwaka 1994, lakini hiyo ni habari nyingine. Simchukulii kama mfano wa maisha pia: mwaka 2019, akiwa kocha, alifungiwa miaka minne kwa kuvunja kanuni za kupambana na dawa zilizopigwa marufuku.

Ryan Hall naye alikimbia nusu marathoni kwa 59:43 akiwa na miaka 24, London kwa 2:06:17 mwaka 2008, na Boston kwa 2:04:58 mwaka 2011, siku ya upepo wa mgongoni kwenye njia isiyokubalika kwa rekodi. Alikuwa anavutia sana kumtazama. Mwaka 2016 alistaafu akiwa na miaka 33, na mwenyewe alieleza kwamba mwili umechoka. Umri huo ndio ambao wengine wanaanza kuvuna.

Sasa Meb, ambaye nakuomba umsome kuliko wote.

Alizaliwa Eritrea mwaka 1975, vita vikiendelea. Baba yake alitangulia kukimbia nchi kwa miguu mpaka Sudan, akafika Italia, akawavuta familia, na mwaka 1987 wakahamia San Diego. Meb alikuwa na miaka 12 na Kiingereza hana. Darasa la michezo shuleni walikimbia maili moja, naye akaikimbia kwa dakika 5:20. Mwalimu akajua hapo kuna kitu. Chuo kikuu cha UCLA kikampa nafasi kama hiyo unayopewa wewe. Alishinda mataji manne ya vyuo, akahitimu, akabaki na kocha wake yule yule, Bob Larsen. Mwaka 1998 akawa raia. Mwaka 2001 akavunja rekodi ya Marekani ya mita 10,000 kwa 27:13.98. Marathoni bado hajaigusa!

Aliigusa mwaka 2002 kule New York akiwa na miaka 27, akawa wa tisa kwa 2:12:35. Miaka miwili baadaye, Athens, ndani ya joto na vilima vya njia ya kale, alikuwa wa pili nyuma ya Stefano Baldini. Ukiangalia orodha ya walioanza siku ile, wengi walikuwa na muda mzuri kuliko wake.

Kisha mambo yakaharibika. Novemba 2007, kwenye mchujo wa New York, alimaliza wa nane akiwa na ufa kwenye mfupa wa nyonga, na siku hiyo hiyo rafiki yake Ryan Shay alianguka na kufariki katika mbio hizo. Meb alikosa Beijing. Watu wakamhesabu kuwa amekwisha. Mwaka 2009 alishinda New York kwa 2:09:15, Mmarekani wa kwanza tangu Salazar mwaka 1982. Baadaye kampuni ya viatu iliyomlea kwa miaka mingi haikuongeza mkataba. Akiwa na miaka 36 alishinda mchujo wa Houston kwa 2:09:08, kisha akawa wa nne Olimpiki ya London.

Na ndipo ikaja Boston ya Aprili 2014, mwaka mmoja baada ya mabomu kulipuka kwenye mstari wa kumalizia. Meb alikuwa amebakiza wiki mbili atimize miaka 39. Kwenye pembe za namba yake ya kifuani aliandika kwa kalamu majina ya waliouawa. Boston haina wawekakasi. Mapema kabisa yeye na Josphat Boit walisogea mbele, na kundi lenye wakimbiaji wa saa mbili na dakika nne na tano likabaki linatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake afukuze. Meb akamwacha Boit, akapanda vilima vya Newton peke yake. Wilson Chebet alipoamka kumfukuza, pengo likaanza kuliwa, likaliwa, mpaka Meb akigeuza shingo anamwona. Zilibaki sekunde chache. Hapo wengi hupaniki na kuongeza kasi ghafla, miguu ikafa. Meb alishikilia mwendo wake, akaingia Boylston, mtaa wa kumalizia, bado yuko mbele, akamaliza kwa 2:08:37, sekunde 11 mbele. Tangu Greg Meyer mwaka 1983 hakuna mwanamume wa Marekani aliyekuwa ameshinda Boston. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola 150,000. Mwambie meneja wako kwamba pesa hiyo ililipwa kwa mtu wa miaka 38.

Na huo muda wa 2:08:37 ndio bora wa maisha yake. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa 2:12, ya bora ikaja miaka 12 baadaye. Alistaafu New York mwaka 2017 akiwa amekimbia marathoni 26.

Upande wa wanawake habari ni ile ile, tena kwa uvumilivu zaidi. Desiree Linden alipoteza Boston ya 2011 kwa sekunde mbili mbele ya Caroline Kilel, 2:22:36 dhidi ya 2:22:38. Angeweza kuvunjika moyo. Alirudi mwaka baada ya mwaka hadi 2018, siku ya mvua ya baridi na upepo wa usoni iliyowatoa vigogo njiani. Mapema siku hiyo alijisikia vibaya kiasi cha kumwambia mwenzake Shalane Flanagan kwamba huenda asimalize, basi kama anahitaji msaada aseme. Flanagan alipoingia chooni, Linden alipunguza mwendo amsubiri, kisha akamsaidia kurudi kwenye kundi. Katika kusaidia huko miguu ikafunguka. Alishinda kwa 2:39:54, akiwa na miaka 34, Mmarekani wa kwanza kushinda Boston upande wa wanawake tangu 1985. Flanagan mwenyewe miezi mitano kabla alikuwa ameshinda New York mbele ya Mary Keitany, akiwa na miaka 36, na kabla ya marathoni alikuwa mtu wa mita 10,000 mwenye medali ya Olimpiki ya 2008.

Mchujo wa Atlanta mwaka 2020 una funzo lako moja kwa moja. Mshindi alikuwa Aliphine Tuliamuk, aliyezaliwa Pokot Magharibi, Kenya, katika familia ya watoto 32. Alikwenda Marekani kwa nafasi ya chuo, akamalizia Wichita State, akawa raia mwaka 2016, na alishinda Atlanta kwa 2:27:23 akiwa na miaka 30. Wa tatu alikuwa Sally Kipyego, naye Mkenya kwa kuzaliwa, aliyetawala mbio za vyuo akiwa Texas Tech, akaichukulia Kenya fedha ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya London 2012, kisha akazaa, akarudi, na kupata timu ya Marekani akiwa na miaka 34. Katikati yao alikuwa Molly Seidel, ambaye hiyo ilikuwa marathoni yake ya kwanza kabisa, na marathoni yake ya tatu ilikuwa shaba ya Olimpiki nyuma ya Peres Jepchirchir na Brigid Kosgei. Wawili kati ya hao watatu walitoka kwenye udongo kama wako, wakapita mlango kama huo unaofunguliwa wewe. Miguu yao haikwisha.

Na Tanzania tunaye wetu wa zamani ambaye vijana wengi hamumjui vizuri. Suleiman Nyambui alisoma chuo kikuu cha Texas kule El Paso, akashinda mataji ya vyuo, akaleta fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, na baadaye kabisa akashinda marathoni ya Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Uwanja kwanza, barabara baadaye.

Utaniambia Samuel Wanjiru alishinda dhahabu ya Beijing akiwa na miaka 21. Kweli. Lakini kabla ya hapo alikuwa amesoma na kulelewa Japani, na akiwa na miaka 18 alikuwa tayari amekimbia mita 10,000 kwa 26:41. Alikuja na akiba yake. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 na marathoni yake ya kwanza ni Hamburg 2013, akiwa na miaka 28. Tergat alianza akiwa na miaka 31 na miaka miwili baadaye akavunja rekodi ya dunia. Kwa hiyo ninachokuonyesha kwa Wamarekani hata wakubwa wetu wamekifanya. Tofauti ni kwamba Mmarekani analazimishwa kuchelewa na mfumo, kwa sababu mashindano makuu ya vyuo hayana marathoni. Huku kwetu kuchelewa ni uamuzi wa kijana mmoja mwenye njaa, meneja amemkalia kichwani. Hicho ndicho ninachokitaka kwenye nafasi yako: miaka minne ambayo hakuna mtu anayeweza kukuingiza kwenye marathoni.

Chuo nacho kina hatari zake, na wenzako hawakutunga yote. Kocha wa chuo anapimwa kwa pointi za timu. Kwenye mashindano ya kanda anaweza kukukimbiza 10,000 leo na 5,000 siku mbili baadaye, halafu akataka vivyo hivyo kwenye fainali za taifa. Misimu mitatu kwa mwaka bila kupumzika inavunja mifupa ya watu. Kuna pia presha ya uzito wa mwili, hasa kwa wasichana. Seidel amezungumza hadharani jinsi ugonjwa wa ulaji ulivyomwandama na jinsi alivyoacha mashindano mwaka 2016 ili atibiwe. Alirudi akiwa mzima na ndipo akapata medali. Ukiona kocha anapima watu kwenye mizani mbele ya wenzao, huyo si wa kukaa naye.

Basi muulize kocha wa chuo mambo haya kwa barua pepe, na majibu yake uyatunze. Kwanza, mwaka wa kwanza utakimbia mbio ngapi, na ni mara ngapi atakukimbiza mbio mbili kwenye mashindano yale yale. Akikujibu "tutaona", uliza tena. Pili, ukiumia nafasi yako ya masomo inalindwa vipi: ni ya mwaka mmoja inayoongezwa kwa hiari yao, au ni ya miaka yote? Tatu, wakimbiaji kutoka nje waliokuwa naye miaka ya nyuma wako wapi sasa, walihitimu, na muda wao wa 10,000 mwaka wa kwanza na wa mwisho ulikuwaje. Takwimu hizo ziko wazi kwenye matokeo, unaweza kuzihakiki mwenyewe. Angalia pia chuo kiko juu kiasi gani. Flagstaff, Arizona, iko karibu mita 2,100, Provo, Utah, ni karibu sawa na Arusha. Mantz na mwenzake Clayton Young wamelelewa hapo Provo na kocha Ed Eyestone, aliyekimbia marathoni mbili za Olimpiki, na waliendelea kukaa naye baada ya kuhitimu. Paris 2024 walimaliza wa nane na wa tisa. Boston 2025 Mantz alikuwa wa nne kwa 2:05:08, sekunde nne tu nyuma ya Alphonce Simbu wetu aliyekuwa wa pili. Na Simbu, miezi mitano baadaye, akiwa na miaka 33, akawa bingwa wa dunia kule Tokyo katika mbio za polepole zilizoamuliwa hatua za mwisho kabisa.

Jambo moja la haraka kabla ya yote: usipokee zawadi ya pesa kwenye mbio yoyote wala kusaini na meneja yeyote mpaka ofisi ya kanuni ya chuo hicho ikuambie kwa maandishi kinachoruhusiwa. Kanuni za vyuo juu ya pesa, mawakala, na miaka unayokaa bila kujiunga baada ya sekondari zinabadilikabadilika, na saini moja ya sasa inaweza kukufungia mlango. Viza ya mwanafunzi nayo ina masharti yake juu ya kufanya kazi na kulipwa.

Kwa miezi iliyobaki, endelea na nyika, na uifanye 10,000 ishuke chini ya 28:30 kabla ya kuwaza kitu kirefu zaidi. Mbio ndefu ya Jumapili isizidi saa moja na dakika arobaini kwa sasa, kilomita nne za mwisho zikiwa za kasi. Mara moja kwa wiki fanya mita 1,000 mara nane, ukianza na 2:52 na kumaliza kwa 2:46, pumziko la dakika mbili. Nitumie matokeo ya wiki sita pamoja na majibu ya kocha wa chuo, tuyaangalie pamoja kabla hujaenda ubalozini.